Winchi Anakwenda Likizo Tahiti

Hapa mtaani Chuno, ukutani kwa fundi cherehani, pana gogo la mnazi lililokaliwa na wanaume mpaka limeng'aa. Mimi nakaa jirani nalo na karai langu la mihogo ya kukaanga. Mgongo nimewapa, masikio nimewaachia. Wanaume hudhani mwanamke akigeuza mgongo hasikii. Mwaka ule wa sabini na mbili gogo lilikuwa na wenyewe watatu. Wa kwanza Winchi, jina lake hasa Ismaili, mwendesha winchi ya kupakia mizigo bandarini. Wa pili Kapteni, yaani Sebastiao, mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyewahi kupika melini mara moja mpaka Beira, na tangu hapo hakuna bahari asiyoijua. Wa tatu mzee Mohamedi, tukimwita Kadhi. Si kadhi wala hajapata kuwa, ila hakuna neno analoliacha bila kulitolea hukumu na methali, na methali zenyewe huzipachika pasipokaa.

Kabla sijaendelea nikupe na la ndani, ila usiseme umelipata kwangu. Winchi alikuwa anaanza likizo ya mwezi mzima Jumatatu. Mkewe, Zuhura, ana mama mjane kule Madimba, na paa la mama limeoza. Mvua zikianza atalala na mwavuli kitandani. Likizo mbili Winchi aliahidi kwenda kuezeka, likizo mbili akaugua ghafla. Safari hii Zuhura akamwambia: "Usipokwenda, naenda mimi, na sirudi." Sanduku lake akalifunga. Mtaa mzima tulijua, na Winchi bado anadhani ni siri ya chumbani.

Asubuhi hiyo akaja gogoni na kalenda ya picha aliyopewa na baharia wa meli ya korosho. Muuza kahawa hajamimina hata kikombe, yeye ameshaikunjua.

Winchi: Tazameni wenyewe. Tahiti! Visiwa vya Polinesia. Likizo yangu naimalizia hapa.

Kadhi: Mbona kama ufuko wetu wa Msimbati?

Winchi: Msimbati gani ina maji ya rangi hii?

Kadhi: Msimbati ya saa nne asubuhi.

Hapo nikashindwa kunyamaza.

— We Ismaili, uvuke bahari zote hizo ukatazame minazi?

Winchi: Bibi, minazi ya hapa ni ya kukwea. Ya kule ni ya kulala chini yake.

— Na nazi ikikudondokea?

Kapteni: Za kule hazidondoki ovyo. Zinangoja mtu aamke.

Winchi: Umesikia, bibi? Na mashelisheli yanaota yenyewe. Hakuna palizi, hakuna nguruwe wa kukesha shambani kumfukuza.

— Na paa la Madimba je?

Akajifanya anapuliza kahawa yake ipoe.

Winchi: Likizo ni mtu apumzike, bibi. Kwa mkwe unakaa wima kama unapigwa picha. Ukila ukashiba, mlafi. Usiposhiba, una dharau. Ukicheka, huna adabu. Mwezi mzima! Winchi yenyewe hupewa grisi.

Kadhi: Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa. Kwa hiyo nenda, mwanangu.

Winchi: Kapteni, tupe njia.

Kapteni: Njia rahisi. Unatoka bandarini hapo, kisiwa cha Bukini unakiacha mkono wa kulia, halafu unanyoosha. Unanyoosha mpaka nahodha mwenyewe aseme basi. Ndiyo Tahiti.

Winchi: Ni siku nyingi?

Kapteni: Inategemea mpishi. Mpishi akiwa mbaya, bahari inakuwa ndefu. Ndiyo maana lazima nipike mimi.

Kadhi: Na mimi nakwenda. Nina jamaa kule.

Tukamgeukia wote, mpaka muuza kahawa. Kadhi hajavuka hata Lindi.

Kapteni: Jamaa gani?

Kadhi: Maji ya Ruvuma yanakwenda wapi? Si yanakwenda baharini, yanaelekea linakotoka jua? Basi mchanga wetu unafikia huko. Mtu anayekanyaga mchanga wako miaka elfu si mgeni tena. Huyo ni mtani wako.

Kapteni: Mtani wa Wamakonde?

Kadhi: Wamakonde, Wamakua, Wayao, wote. Unafika, unaingia jikoni moja kwa moja, unafunua chungu, unamkamata kuku, unawatukana kidogo, wanafurahi.

Winchi: Bila hodi?

Kadhi: Ukipiga hodi umeuvunja utani. Haba na haba hujaza kibaba.

Methali hiyo inatafuta pa kukaa mpaka leo.

Kapteni: Mambo ya jikoni baadaye. Kwanza kuna ngoma. Meli ikitia nanga tu, kisiwa kizima kinashuka pwani kukulaki, wamevaa majani kiunoni. Na wewe mgeni lazima uijibu ngoma. Ukiboronga wanakurudisha melini.

Winchi: Nani kasema?

Kapteni: Beira nzima inajua.

Basi Winchi akasimama. Akavuta kuti kwenye ua wa fundi, akalifunga kiunoni juu ya suruali, akachuma na ua akalipachika sikioni. Kadhi akapindua debe akaanza kulipiga. Kapteni akapiga makofi. Na Winchi, barabara kaipa mgongo, akakitia kiuno moto. Jamani, mtu yule ana kiuno! Zuhura hakuolewa kwa bahati mbaya.

Wakati huo ndipo nilipomwona mwanamke mmoja anakuja kutoka kituo cha basi, kikapu kichwani, anatembea kama mwenye neno lake. Alikuwa mama yake Zuhura. Akafika nyuma ya mkwewe, akasimama.

Ningemtonya? Ningemtonyaje, na kiuno ndio kwanza kinakolea?

Kadhi akamwona, debe likanyamaza.

Winchi: Pigeni, bwana! Hapa ndipo mwenye kisiwa anatoka kunipokea!

Akageuka na mikono yake hewani, akampokea mama mkwe.

Sijapata kuona mtu akianguka upesi vile. Alijitupa nyuma ya gogo, kifudifudi. Maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, na wakiwa na la kuambiana hupitisha kwa mtu wa tatu. Mama akanigeukia mimi, kana kwamba Winchi yuko Newala.

— Hujambo, Bibi Somoe?

— Sijambo, mwenzangu. Karibu.

— Nimekuja kumchukua mwanangu Zuhura. Ila hapa njiani nimesikia habari za safari. Hebu niulizie tu: huko wanakokwenda, watafikia kwa nani?

Kapteni akatazama mawingu. Kadhi akaanza kulifuta debe vumbi. Bahari wameimaliza, ngoma wameicheza, kuku wa watu wameshamla, na hakuna aliyekuwa na jina la mtu mmoja wa kumbishia mlango. Na nani amewahi kusafiri bila kuwa na pa kufikia?

Nikainama nyuma ya gogo. Winchi alikuwa anatikisa kichwa, mkono unapunga: usiseme kitu, bibi, usiseme. Nikategesha sikio, nikaitikia "ehe, ehe" kama naambiwa. Nikainuka.

— Anasema anafikia kwako. Jumatatu. Na makuti ya paa anakuja nayo mwenyewe.

Kichwa cha Winchi kikachomoza, kinywa wazi. Akakumbuka mbele yake yuko nani. Kinywa kikafungwa, kichwa kikazama.

Mama akakitengeneza kikapu chake vizuri. Mdomo ulimcheza, lakini hakucheka.

— Mwambie nimefurahi. Nilikuja kuchukua mmoja, naona nimepata wawili. Ila makuti ayabebe kichwani. Kwa kiuno kile hayatafika Madimba.