Laurent Cirimwami, Fundi Aliyeogopa Hewa

Padri, wazazi wetu, majirani wa Himbi na ninyi wote mliovuka ziwa kutoka Bukavu, familia imenituma mimi Télesphore, mdogo wa marehemu, niwasomee njia aliyopita kaka yangu.

Laurent Cirimwami alizaliwa Kabare tarehe 12 Agosti 1969, mtoto wa kwanza wa muzee Cikuru, karani, na mama Élisabeth, na mwaka 1976 baba alipohamishiwa Goma tulikuja kukaa hapa karibu na ziwa. Tarehe 3 Juni 1979 mdogo wetu Éphraïm alifuata mpira ndani ya shimo la mawe ya volkano, akalala humo kama mtu aliyechoka, asiamke tena, kwa sababu mule mulikuwa na mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini, isiyo na rangi, inayotuama mahali pa chini kama maji. Laurent ndiye aliyemwona kwanza, watu wazima wakamshika kwa nguvu asishuke, na tangu siku hiyo hakuiamini tena hewa yoyote.

Alisoma shule ya msingi papa hapa Goma, akapata diploma ya Serikali katika umeme mwaka 1989, akaanza kutengeneza frigo kule Birere, kisha klimatizeri, zile mashine za kupoza hewa, na kuanzia mwaka 2005 akajulikana kwa kazi moja hasa, kuziba yale mabomba makubwa ya bati yanayopeleka upepo vyumbani. Wenye nyumba walilalamikia ubaridi unaopotea, yeye aliwaza watoto, maana bomba linalovuja chini ya sakafu hunyonya kilichoko huko na kukipuliza kitandani. Alifuta kila kiungo, akapaka mastiki ya kuzibia kwa brashi, akazungushia skochi, utepe unaonata wa aluminiamu, kisha akawasha mashine na kuweka mshumaa sakafuni, pembeni ambapo upepo haupigi, na mwali ukififia, maana mazuku huzima moto, aliwatoa watu wote nje. Tulimtania tukimwita padri wa klimatizeri, naye alicheka kidogo tu, macho yakiwa kwenye mwali.

Tarehe 18 Julai 1998 alifunga ndoa na Ernestine, Mungu akawapa Élodie na Gradi, nao walikua wakilala madirisha wazi hata siku za baridi kali, na Élodie akaifuata kazi ya baba yake, akaenda kuifanyia Bukavu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2024. Jumatatu tarehe 23 Februari 2026 alikuwa kazini kwa jirani yetu mama Bénédicte, hapa Himbi, amefungua kiungo cha mwisho chini ya chumba cha wajukuu, akaanguka, akakimbizwa hospitali, na kiungo kikabaki wazi. Mjukuu mmoja ana asma, vumbi la barabara linamkaba, ndiyo maana nyumba ile hufunga madirisha na kuwasha mashine. Mama Bénédicte aliahidi kuizima, lakini Laurent kitandani hakuuliza damu yake inasemaje, aliuliza kama mvua imenyesha ikalaza vumbi, na kila vumbi lilipopanda alipiga simu: "Mama, mumezima? Batoto banalala wapi?" Tulimletea mafundi wawili wamalizie, akawakataa, akisema atapona amalize mwenyewe, na hapo kaka yangu alikosea, lazima niseme. Alhamisi tarehe 12 Machi asubuhi, Élodie alipofika kutoka Bukavu, baba yake alimwambia maneno mawili tu, "kile kiungo," na saa sita mchana akatutoka.

Kwetu mtoto wa marehemu haachi kilio wala hashiki chombo cha kazi kabla ya maziko. Lakini jana mchana upepo uliinua vumbi, na mama Bénédicte, aliyekuwa ameketi nasi hapa, akashtuka: "Vumbi imekuwa mingi, batoto batakuwa bamewasha ile mashini!" Élodie akasimama, akachukua mkoba wa baba yake na mshumaa uliokuwa ukiwaka kichwani pa jeneza. Tantine Bibiche, dada wa baba yetu, akamzuia mlangoni: "Mutoto wa marehemu hatoke kwa kilio, tena na mushumaa ya papa yake! Unatuletea nini?" Naye akajibu, "Tantine, papa hawezi kulala vile." Akapita, nasi tukabaki na hofu mbili, ya mila na ya watoto.

Kwa mama Bénédicte aliikuta mashine inawaka na mjukuu mdogo analalamika kichwa, akawatoa wote nje, wakapata nafuu, akaziba kile kiungo jinsi alivyofundishwa, akawasha, akauweka mshumaa ule sakafuni na kukaa nao mpaka aliporidhika. Alirudi akiukinga kwa kiganja, na aliyeupokea na kuurudisha mahali pake ni Tantine Bibiche, akilia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliotuletea viti, maharage na mikono ya kutushika, mafundi wenzake mliochimba kaburi, na mama Bénédicte.

Kaka, mshumaa ulio kichwani pako ndio uleule, haujazimika njiani. Kiungo kimezibwa, watoto wamelala na wameamka. Pumzika kwa amani, wala usiinuke kwenda kuhakikisha.