Mama Twende Juu Avua Buti

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Twende Juu anatuaga, baada ya kuutumikia mto wetu kwa miaka thelathini na miwili. Aliingia akiwa muosha chupa za maabara. Anatoka akiwa mkaguzi mkuu wa ubora wa maji wa bonde zima, na chupa zake bado anaziosha mwenyewe. Husema haiamini chupa iliyooshwa na mtu mwenye haraka.

Wageni hudhani jina lake ni la ibada. Hapana, ni la kazini. Kila anayechafua mto ana jibu moja: si mimi, ni wa huko juu. Wa machinjioni humsingizia wa gereji, wa gereji humsingizia mkulima na dawa zake. Mama habishani. Hujaza chupa, hukaza kizibo, husema, "Haya baba, twende juu," na wanapanda wote mpaka maji yanapokuwa safi. Hapo mtu akigeuka nyuma, anajiona mwenyewe.

Kwa jasho lake, machinjio yana mashimo ya kutuliza damu na mafuta kabla maji hayajatoka. Gereji zinakusanya oili chafu kwenye mapipa. Wakulima wameacha ukanda wa nyasi ukingoni, mvua ikinyesha mbolea inanasa pale badala ya kuteremkia mtoni. Na friji ya maabara ina kufuli, tangu siku mhasibu wetu alipoona chupa ya maji ya machinjioni akadhani ni juisi. Alionja. Mungu alimponya, lakini mpaka leo mhasibu hanywi kitu asichokifungua mwenyewe.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewapa ganda, kiini nimekificha.

Mwaka ule wa ukame, maji yalipopungua, mto ulianza kushuka na rangi ya zambarau. Watu wa chini waliyapikia maji hayo, na watoto walioyaoga wakaota vipele. Mimi nilikuwa dereva wake. Tulipanda, na kila mlango ukatuambia juu. Mwisho tukafika kwenye kijito kinachotoka nyuma ya nyumba moja yenye kamba ndefu za vitambaa vibichi vilivyotoka kutiwa rangi. Mama akachukua buti zake. Nyumba ile niliijua, nimemshusha pale mara nyingi. Ni kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa vitambaa hivyohivyo.

Dereva naye ana roho. Nikamuuliza, "Mama, tugeuze?"

"Kwa wengine tulipanda," akasema, huku akikaza kamba za buti. "Na hapa tutapanda."

Alijaza chupa yake, akamwamkia dada kwa heshima zote, kisha akamwambia kazi isimame. Ili asiwe mkaguzi na ndugu kwa wakati mmoja, upimaji alimwachia mwenzake.

"Rangi hii ndiyo iliyokuvalisha sare ya shule," dada akamwambia. "Leo imekuwa sumu?"

"Ilinivalisha, dada. Huko chini watoto wanaioga."

Mlango ukafungwa. Mama akaomba likizo, na likizo yote akaimalizia palepale uani kwa dada, jembe mkononi, akichimba mashimo ya kuchujia maji ya rangi: moja la kokoto, la pili la mchanga, la mwisho la mkaa. Dada mtu hakusema naye. Nyumbani kulikuwa na paka, basi maneno yakapitia kwa paka. "Paka, mwambie mkaguzi chai inapoa." Naye anajibu kutoka shimoni, "Paka, mwambie dada nakuja." Masikini, paka yule alichoka.

Siku maji yalipotoka upande wa pili hayana rangi, dada aliinama akayatazama kwa muda mrefu. Kisha akaita, bila paka: "Mdogo wangu, njoo uone."

Leo watia rangi wote wa mtaa ule wana mashimo kama yale, na mwalimu wao ni huyo dada. Nilipomuuliza niandike nini hapa, hakufikiri mara mbili: "Andika alinifungia kazi. Halafu andika mimi ndiye niliyemlea."

Siku ya kuagwa, Mama atavaa gauni la zambarau. Ukilisifia, atakwambia nani kalitia rangi. Usipolisifia, atakwambia vilevile.

Ahsante, Mama, kwa kutupandisha hata pale miguu ilipokataa. Mwenyezi Mungu, aliye juu ya chemchemi zote, akulinde. Tunakuombea siku tulivu, magoti yasiyouma, na chai isiyopoa. Buti zako tumezitundika mlangoni mwa maabara. Atakayesema tena "ni wa huko juu", tutampa azivae.