Aliyeshuka Kwenye Mizani

Basi halijatoka hata nje ya Nachingwea, Mwantumu alikuwa ameshaanza kumsimulia mfugaji wa Kisukuma aliyekaa pembeni yake, mtu asiyemjua. Mjukuu alilala mapajani, mzima wa afya.

"Kile kiwanja cha ndege cha Mafia ni kidogo, baba. Wanapima watu na mizigo yao, kama korosho ghalani. Uzito ukazidi, wakasema mmoja abaki. Na mtoto huyu anachemka homa, tunamkimbiza Dar! Kaka mmoja akashuka kwenye mizani, akasema, 'Mama, nenda na mtoto. Mimi nitapanda kesho.'"

"Anaitwa nani?"

"Sikumuuliza."

Mfugaji akaguna. "Mtu kakuokolea mjukuu, hata jina humuulizi? Mimi ningempelekea ndama jike, kesho na keshokutwa apate maziwa."

"Ndama kwenye ndege ile? Namwombea kila nikiswali. Mungu anamjua."

"Mungu anamjua, sawa. Maziwa atakunywa nani?"

Mbishi huyu, Mwantumu aliwaza.

Stendi ya Ruangwa, mfugaji akamshusha mtoto, akamshushia Mwantumu na kikapu chake, akarudi mbio ndani ya basi lililokwishaanza kuondoka. Mwantumu alifungua mdomo amwite amshukuru, akakosa jina la kumwitia.