Nusu Karatasi ya Mizani

Kama hulijui benchi la Jilala, basi hujawahi kukosa kazi Bariadi. Lipo nyuma kidogo ya stendi, limeegemea ukuta wa steshenari ya Esteria, na Jilala anauza kahawa hapo tangu mji huu haujawa makao makuu ya mkoa. Hapo ndipo mpira unapochezwa upya na mvua inapopangiwa ratiba yake. Lakini asubuhi ile benchi lilikuwa limepoa, kwa sababu Mizani alikuwa amefariki. Jina lake la kweli Athanasi. Msimu wa ununuzi alikuwa akipima pamba Kasoli, msimu ukiisha anashinda hapo kutwa na kikombe chake. Kifua kilimbana ghafla, wakamkimbiza hospitali, hakurudi. Kesho yake alikuwa anazikwa kwao Migato, na Jilala, aliyempenda kuliko wote, alikuwa na neno moja tu moyoni: rafiki yake azikwe na karatasi. Maana siku hizi msiba usio na karatasi yenye picha na wasifu wa marehemu unaonekana kama msiba wa mtu aliyeokotwa. Nusu karatasi inatosha, lakini iwepo.

— Andika, dada Esteria — alisema Jilala, amesimama mlangoni na birika mkononi. — Marehemu Athanasi alizaliwa Migato.

— Mwaka gani?

Jilala akaligeukia benchi. Benchi likatazama barabarani.

— Alikuwa mkubwa kwangu — alisema Diwani. Huyu jina lake Danford. Aligombea udiwani akaanguka vibaya, cheo kikambakia kijiweni.

— Mkubwa kwako wapi, wakati alikuwa anakuamkia shikamoo? — aliuliza Kipaza, dereva wa bodaboda, ambaye hata akinong'ona unamsikia ng'ambo ya stendi.

— Alikuwa ananiheshimu kisiasa.

— Basi niandike miaka ya sitini — alisema Esteria. — Shule?

— Alisoma. Hesabu alikuwa anajua.

— Shule gani, kaka Jilala?

— Andika alisoma.

— Mke?

— Sijawahi kumwona.

— Watoto?

— Hana.

— Una uhakika?

— Dada yangu, nimekaa naye hapa mvua na jua. Mtu mwenye mtoto hamalizi kikombe hajamtaja. Huyu kwangu kamaliza mabirika.

Esteria akaandika: marehemu hakuacha mtoto. Kisha akailaza karatasi kwenye Word, akaigawa safu mbili, maandishi akayaweka nusu ya kushoto, akayakopi yote na kuyabandika nusu ya kulia. Ukiprinti na kukata katikati, karatasi moja inatoa mbili. Akatoa ya majaribio. Ikatoka karatasi, halafu ikatoka na ya pili nyuma yake, nyeupe yote, ina mstari mmoja tu juu kabisa: apumzike kwa amani.

— Mbona amani imehamia ukurasa wa pili? — aliuliza Jilala, na kwa kweli lilimuuma.

— Maneno yamezidi kidogo, yanasukumana.

— Hapana — alisema Diwani, akiweka kikombe chini. — Hiyo ni mashine ya ofisini. Imezoea barua. Barua haifiki mwisho mpaka ipitishwe na mkubwa. Weka mhuri uone kama haitapanda.

— Mhuri wa nani?

— Hata wa AMCOS, wale wa ushirika. Mtu wa pamba huyu.

— Usimsikilize — alisema Kipaza. — Tatizo ni nusu. Kompyuta inajua marehemu ni mtu mzima, inakataa kumweka kwenye nusu. Mzee mmoja kule kwetu walimwandikia nusu karatasi, printa ikatafuna picha. Walipompa nzima ikatulia.

— Printa ilitafuna kwa sababu ya vumbi — alisema Esteria bila kugeuka.

— Vumbi halichagui picha ya mtu, dada.

— Halafu hapo mnapokata katikati — Diwani aliendelea, sasa kapata moto wa jukwaani — mmefikiria mnakata nini? Karatasi za wakubwa Dodoma hazikatwi, zinakunjwa. Ukikata na wembe unaitenganisha familia. Ndiyo maana siku hizi koo zinagombana mashamba. Ni steshenari.

— Ni steshenari ndiyo inagombanisha koo?

— Fanya utafiti.

Siku nyingine Jilala angecheka mpaka birika limwagike. Siku hiyo alisikia tu uchovu, kwa sababu ubishi wa namna hii ulikuwa wa Mizani. Yeye ndiye aliyekuwa anaumaliza, anauliza taratibu, "Mmeupima?" na watu wananyamaza. Sasa ulikuwa unaenda hivihivi, hauna mwenyewe. Esteria akapunguza picha kidogo, akabana nafasi kati ya mistari, amani ikarudi mahali pake pande zote mbili. Ilipendeza. Mizani alikuwa pale, kofia yake ya pama, akitazama pembeni.

Ndipo simu ya Jilala ikaita. Alikuwa Nyamizi, dada wa marehemu, akipiga kutoka Migato, na kwa nyuma wanawake wanaimba.

— Kaka, hiyo karatasi mmeshaitoa?

— Tunaitoa sasa hivi.

— Mtoto mmemwandika?

— Mtoto gani, mayu? Mtoto gani, mama?

Upande wa pili wimbo ukafifia, kama mtu anayetoka nje.

— Kumbe na ninyi hakuwaambia — alisema Nyamizi. — Ana binti, anaitwa Kabula. Mama yake walishindwana, akarudi kwao Lamadi na mtoto mgongoni, huko wanauza dagaa. Mtoto hajamwona baba yake tena. Nimempigia jana, amepanda basi, anashukia hapo Bariadi, nimemwambia akutafute. Kaka, tafadhali. Kesho ule wasifu utasomwa mbele ya watu wote. Asikae pale mtoto wa watu akasikia hayumo.

Jilala alirudia maneno hayo kwa benchi. Alijisikia kama mtu aliyeishi na mwenzake nyumba moja, akaja kuambiwa kuna chumba hajawahi kukiona.

— Binti — alisema Kipaza, kwa mara ya kwanza polepole.

— Na sisi siku zote tunajadili naye magolikipa — alisema Diwani.

Esteria alirudi kwenye kompyuta. Alifuta ule mstari, akaandika: marehemu ameacha mtoto mmoja, Kabula Athanasi. Akamwita Jilala aje asome kwenye kioo. Jilala akasoma, akaweka kidole kabisa kwenye jina, akatikisa kichwa kukubali. Printa ikaanza kuguna. Zikatoka zote, kisha umeme ukakatika, na wakashukuru kwamba umesubiri. Esteria alishika rula na wembe akakata katikati, nusu akimpa huyu, nusu akimpa yule, wazipange kwenye bahasha kubwa ya kupeleka Migato.

Diwani alisoma yake kwa sauti ya mkutano.

— Ameacha mtoto mmoja, Kabula Athanasi. Safi.

Kipaza alikuwa anasoma yake kwa midomo. Akarudia. Akamtazama Jilala.

— Mimi hapa nimeandikiwa hakuacha mtoto.

— Umeshika ya zamani.

— Ya zamani ipi? Ya majaribio aliichana. Hii bado ina joto.

Wakalinganisha. Picha ileile, kofia ileile, amani mahali pake. Kwenye nusu moja Mizani ni baba wa mtu, kwenye nusu nyingine hana kitu.

— Sasa hapa mashine imeelewa mambo — alisema Kipaza, akijaribu kuwachekesha. — Ameishi maisha mawili, imemtolea karatasi mbili. Moja ya Lamadi, moja ya hapa.

— Ya kushoto ni ya ukoo, ya kulia ni ya serikali — alisema Diwani. — Serikali haimtambui mtoto mpaka apeleke cheti.

— Nyamazeni — alisema Jilala.

Hawakuwahi kumsikia akisema hivyo.

Esteria alikuwa amekaa kwenye kizingiti, wembe bado mkononi.

— Nimerekebisha kushoto — alisema. — Kulia nilishabandika toka mwanzo. Ukibandika pale, inajitegemea, hata ukigeuza huku yenyewe haina habari. Nilijua, jamani. Nimefanya kazi hii miaka. Nilikuwa nalia tu, sikuona.

— Na mimi nilisoma upande mmoja — alisema Jilala. — Niliona jina, nikaridhika.

Umeme hakuna, na gari la kwenda Migato linaondoka jioni. Wakaamua kuzichambua, zilizo sawa ziende, watu watasoma wawiliwawili. Zile mbaya hakuna aliyetaka kuzichana, zina sura ya Mizani. Jilala akaziweka benchini. Upepo ukataka kuzipeperusha, akazikalia.

— Mwadila — ilisalimia sauti ya kike.

Walikuwa wameinamia bahasha, hawakumwona akija. Msichana wa miaka ishirini na kitu, kajifunga khanga juu ya gauni, mkononi ana mfuko wa salfeti unaonuka dagaa wakavu. Hakuhitaji kujitaja. Alikuwa anatazama pembeni kama yule wa kwenye picha.

— Mwadila, ng'wanawane, mwanangu — Jilala aliitika. — Pole na safari. Pole sana na msiba.

— Asante, baba. Shangazi kaniambia nimtafute mzee Jilala wa kahawa.

— Ndiye mimi.

— Hizi ndizo karatasi zake?

Diwani alichungulia kwanza ile iliyokuwa juu, akahakikisha, ndipo akampa kwa mikono miwili. Kabula akasoma amesimama. Alisoma polepole, na alipofika katikati akaacha kusoma, akaishusha karatasi, akaiinua tena. Uso wake ukafunguka. Kijiwe kizima kiliona, na kila mmoja akatamani asingeona.

— Jina langu limo — alisema.

— Limo, mayu — alisema Esteria kutoka mlangoni.

— Tena mmeliunganisha na Athanasi. Mimi hata shule nilitumia jina la babu. — Akafuta macho na ncha ya khanga. — Nilikuwa naogopa kuja hapa. Kwenye basi nilikuwa nasema nitafika, niseme mimi ni mtoto wake, watu wanishangae. Kumbe mnanijua.

Kipaza alikuwa anachunguza ufunguo wa pikipiki yake kama ndiyo kwanza kaununua.

— Mzee wangu — alisema Kabula, akimgeukia Jilala. — Alikuwa ananitajaje?

Jilala alifungua mdomo. Alijua Mizani alivyomtaja kila golikipa wa nchi hii, alivyotaja mbegu za pamba, bei ya baiskeli, ng'ombe wa baba yake mmojammoja kwa rangi zao. Alitafuta humo ndani, kwa nguvu zote, neno moja ambalo mtu angeweza kusema lilimhusu mtoto. Angeweza kudanganya. Diwani alikuwa anamtazama kwa macho ya kumwomba adanganye. Lakini binti alikuwa ametulia vile, anasubiri, na uongo ukakataa kutoka.

— Kaa kwanza, mayu — alisema. — Nikumiminie kahawa.

Birika lilikuwa kwenye jiko, hatua chache tu. Jilala hakuinuka. Angeinuka vipi, na zile karatasi zipo chini yake. Kabula akakaa karibu naye, akaikunja ile nusu karatasi vizuri, akaipakata.

— Hata neno moja tu, baba — alisema. — Alikuwa anasemaje?