Mkono wa Kwanza kwa Wageni wa Uganda

Ijumaa hiyo, mradi wa karanga wa serikali ukiwa umeshakufa, benchi la mbele ya kibanda cha Hamisi pale Mikindani lilijaa mara tu swala ilipokwisha. Hamisi, ambaye mji mzima ulimwita Kashata kwa biashara yake ya kashata za karanga, hakutulia hata kidogo. Wanafunzi wa chuo kikubwa cha Uganda walikuwa njiani, waje wakae wiki nzima watazame watu wa pwani wanavyoswali, wanavyokaa na majirani na wanavyoendesha viduka vyao. Hamisi alitaka wafikie kwake. Tangu ampose mkewe Halima hakuwa ametaka kitu namna hiyo, na Halima mwenyewe aliamka alfajiri kukuna nazi na kuazima mikeka mtaa mzima. Wakienda nyumba nyingine, Hamisi hakujua angeingia na uso gani kwake.

— Lakini waje hapa kwa lipi? aliuliza Thabiti, aliyeitwa Kadhi kwa kupenda kuhukumu. Uganda hakuna misikiti?

— Ipo tele, alisema Shabani Redio. Huyu habari haikumpita, na iliyompita aliitunga.

— Basi ndiyo yale. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama zao wameshindwa nao, wametuletea sisi.

— Usiwatukane wageni wangu, alisema Hamisi.

— Wamekuwa wako tangu lini weye?

Salumu muuza kahawa aliinamisha dele lake, akajaza vikombe.

— Miye nasikia wanatafuta wake.

— Wake wapi! Redio akasogea mbele. Niwape habari yenyewe. Serikali imelima karanga kwa matrekta, imeshindwa. Sasa inajiuliza, nani nchi hii amewahi kupata faida kwa karanga? Likatoka jina moja tu. Kashata.

Hamisi alijua ni uongo. Hata hivyo ulimwingia vizuri, akagawa kashata bure benchi zima.

— Watajifunza kwa huyu, Redio aliendelea huku akitafuna. Wakihitimu, Ulaya, wakampikie Malkia. Na Hamisi atapewa meli.

— Meli haifai, alisema Kadhi. Haba na haba hujaza kibaba. Maji yataingia hivyo hivyo mpaka izame.

— Sitaki meli. Nataka wale kwangu, basi.

— Hilo lina kanuni yake, Hamisi, alisema Kadhi. Mji huu mgeni hagombaniwi. Swala ikisha, anayempa mkono wa kwanza msikitini ndiye mwenyeji wake. Mwingine hana haki hata ya kumpa maji.

— Hawa wanakuja na gari la Bwana DC.

— Basi ni atakayeuwahi mlango wa gari.

Wote wakageukia barabara. Kwa hamu hiyo walikuwa wametoka msikitini mbio bila kungoja dua, wao na msikiti mzima. Kadhi alivua kofia isije ikaanguka akikimbia. Hamisi akafunga kanzu yake kiunoni.

Kijana mrefu akaja kwa miguu kutoka upande wa msikiti, amevaa kanzu yenye nakshi nyekundu kifuani, na wenzake wawili nyuma yake. Wakasimama mbele ya benchi.

— Sogeeni kidogo, wanangu, alisema Redio. Mnatuzibia barabara.

Wakasogea.

— Shikamooni, wazee wetu, alisema yule mrefu kwa Kiswahili cha kitabuni. Sisi ni wanafunzi, tumetoka Uganda. Gari lilituteremsha mapema, tukaona tuswali nanyi kwanza.

Kikombe cha Kadhi kikaishia hewani.

— Dereva alitueleza desturi yenu ya mkono wa kwanza, tukaipenda mno. Lakini tulipotoa salamu na kugeuka, hatukumwona mtu ila imamu, naye yumo katika nyiradi zake. Ndiyo tunauliza: mgeni asiyepewa mkono, hapa kwenu hufikia kwa nani?

Redio alimtazama Kadhi. Kadhi alitafuta methali, hata mbovu, akakosa. Mikindani haikuwahi kupata mgeni wa namna hiyo. Aibu ikampanda Hamisi mpaka masikioni. Akainuka, akaifungua kanzu kiunoni.

— Kijana, alisema taratibu, kuume kwako kule msikitini nilikuwa mimi.

— Najua, mzee. Uliniruka.

— Nikikupa mkono sasa, utaupokea?

Kijana akawatazama wenzake, akacheka, akaupokea kwa mikono miwili. Hamisi akaushikilia kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

— Twendeni basi, mama yenu amepika. Ila wanangu, nawaomba, hili la kuruka lisifike kwa Halima.