Suruali Isiyokalika

Kijiwe chetu kiko kwenye ukuta wa saluni yangu, kati ya kibanda cha Betri, anayetengeneza simu, na cherehani ya Sindano, fundi nguo. Kila jioni tunakaa hapo, tunakunywa kahawa na kuamua mambo ambayo hakuna aliyetuomba tuyaamue. Jana ilikuwa zamu ya Sindano. Anatumia programu ya kompyuta ya kuchora vipande vya nguo, ya bure, inayotengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika dunia nzima. Yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha. Sindano alijifunza mpaka macho yakamuuma, akarekebisha, akawatumia. Majibu yaliporudi, alikuja kijiweni amenywea.

— Wamenikataa.

— Hebu soma, nikamwambia.

— “Asante, kazi nzuri. Lakini umebadilisha mambo mawili kwa mpigo: makalio ya suruali na mfuko. Yatenganishe, utume tena moja moja.” Na wameandika hadharani, kila mtu anaona!

— Kwani suruali yao ilikuwa na nini?

— Ukiishona inavyochorwa, kusimama unasimama. Ukikaa tu, mshono unaachia.

Waziri, ambaye hajawahi kuongoza hata foleni, akaweka kikombe chini.

— Umeliwa, dada yangu. Wanatenganisha ili makalio wampe mtu wao. Wewe utabaki na mfuko.

— Tena mtupu, Betri akadakia.

— Lakini kila rekebisho linabaki na jina la aliyelifanya, Sindano akajitetea.

— Jina! Waziri akaguna. Huyo aliyekujibu anaitwa nani?

— Anajiita Konokono.

— Mnaona? Mtu mzima na akili zake atajiitaje Konokono?

Nilimtazama Waziri. Jina alilopewa na mama yake hakuna hata mmoja wetu anayelijua.

— Mimi nasema hao si watu, Betri akaendelea. Ni mashine moja imefungiwa chumbani, inajiuliza na kujijibu.

— Inataka nini sasa? nikauliza.

— Makalio! Waziri akapiga paja. Vipimo vya makalio ya dunia nzima! Ukishajua watu wanakaaje, unajua na watainuka lini. Hapo serikali zote unazo mkononi.

Betri akakubali, jambo ambalo sijawahi kuliona. Sindano hakucheka. Alikuwa ameshafungua mahali pa kujiondoa kwenye kundi la wale wa kujitolea, kidole kinaelea juu ya kioo cha simu.

— Bora nifute jina langu. Kiherehere changu tu, kujipeleka kwa watu nisiowajua.

Iliniuma. Siku aliyotuma rekebisho lile alishona akiimba mpaka wateja wangu wakaomba nyimbo.

Kulikuwa na mama mmoja, mgeni kabisa pale, amefuata gauni la binti yake. Alikuwa amesimama na kikombe chake, ametulia.

— Samahani, akasema. Wamekwambia usirudi?

Betri akakuna kisogo. Sindano akasoma upya, midomo ikimchezacheza.

— Wamesema nitume tena, akasema taratibu.

— Ehee.

Basi akaenda kuchukua kompyuta, akaipakata, akaanza kutenganisha. Makalio kwanza, mfuko baadaye. Waziri alitaka kumwelekeza, tukamnyamazisha. Alipomaliza kutuma, muuza kahawa alikuwa ameinamisha birika, halitoi kitu. Kwa kawaida hapo ndipo kila mtu hukumbuka kuwa ana nyumba. Jana hakuna aliyeinuka, hata yule mama, na gauni alikuwa ameshapewa.

Kompyuta ikalia. Sindano akasoma kwa sauti.

— “Yote mawili yamepokelewa. Karibu sana. Shati letu nalo linabana mabegani mtu akinyoosha mikono. Unaweza kulitazama?”

Tulishangilia mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Sindano alijifuta macho kwa kitambaa cha mteja, akavuta tepu shingoni.

— Waziri, simama. Nyoosha mikono.

Waziri akasimama, akanyoosha.