Mama Breki Anastaafu, na Baiskeli Moja Bado Haijapandwa

Msomaji mpendwa, kabla hujafika aya ya pili, nakuomba kwa hisani yako: usimsomee mtu karatasi hii kwa sauti, usiipige picha, na usiisahau juu ya meza ya chai. Imewekwa ndani ya ratiba za hafla ya kuaga, zile zilizogawiwa mapema kwa watu wa yadi peke yao. Ratiba za ofisi ya juu zina wasifu mwingine, mfupi, wenye heshima zote, ambao Mkurugenzi ameupitisha mwenyewe. Huu hajauona. Akiuona kabla ya Ijumaa, mimi nitastaafu kabla ya mstaafu.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi mkuu wa yadi yetu ya majaribio ya magari anaaga kazi baada ya miaka ishirini na sita. Jina lake halisi lipo kwenye faili, lakini hata mhasibu huanza kuandika “Mama Breki” kisha akafuta.

Alianza akiwa fundi wa breki za malori, mwanamke pekee katika karakana ambayo wengi walidhani amekuja kumletea mumewe chakula. Siku zake za mwanzo alimkuta dereva mmoja akijisifu kwamba lori lake likikanyagwa breki linasimama hapo hapo. Mama Breki hakubishana naye. Alimwomba tu aliendeshe kuelekea ukuta wa choo. Choo kilijengwa upya, kikawa kizuri kuliko cha zamani, na yule dereva akawa mtu wa maneno machache.

Baadaye yakaja macho. Wataalamu huyaita vihisi, yaani vile vidubwasha vinavyofungwa mbele ya gari ili vione kilicho njiani na kufunga breki kabla dereva hajashtuka. Kazi yetu ni kuyafunga, kuyarekebisha na kuhakikisha yanamwona mwendesha baiskeli. Kwa majaribio tulinunua mtu wa sponji aliyeketi juu ya baiskeli ya sponji. Tulimwita Shemeji, kwa sababu alikuja siku moja, akapewa nafasi nzuri, hakufanya kazi yoyote, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Shemeji amegongwa mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka. Kila akigongwa, mafundi walicheka, wakaenda kuokota kichwa chake karibu na lango, wakakibandika, wakaanza upya. Kuna siku fundi wa nyaya, yule mrefu, alimgonga Shemeji asubuhi nzima. Mchana gari likasimama mara moja tu, naye akatangaza kwamba macho yamefaulu. Mama Breki alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini.

“Yamefaulu kweli?”

“Kabisa, Mama.”

“Basi mshushe Shemeji, panda wewe.”

Fundi alilitazama gari. Akalitazama tena. Ghafla akakumbuka kwamba jicho la kushoto lina vumbi, kwamba kuna waya haumridhishi, na kwamba mama yake mzazi anaumwa. Alishinda chini ya bampa hadi jioni. Kesho yake alipanda baiskeli ya kweli, macho yake mwenyewe ameyafumba, na gari likasimama mbali naye kiasi kwamba ilibidi tumwite kumjulisha kuwa tumemaliza.

Tangu hapo yadi ikawa na kanuni yake: aliyerekebisha macho ndiye anayepanda baiskeli. Gari huenda mwendo wa mtu asiye na haraka, na ndani hukaa dereva wa pili mwenye breki yake mwenyewe, mguu juu ya pedeli. Hakuna mpandaji aliyewahi kuguswa. Majeruhi wetu pekee ni mhasibu, ambaye alikuja kutazama akagongwa na baiskeli. Baiskeli haina macho.

Wapo waliomuuliza kwa nini anatusumbua hivyo. Mume wake ni seremala, na kila asubuhi hupita nje ya lango letu kwa baiskeli, mbao amezifunga ubavuni. Mama Breki alijibu mara moja tu: “Gari likitoka hapa linakwenda kukutana na baba watoto pale kona. Na yeye si wa sponji.”

Sasa tufike kwenye basi jipya, ambalo ndilo sababu ya woga wangu. Mabasi ya aina yake yanaanza kubeba abiria Jumatatu. Macho yake yalipoletwa yalikuwa na hofu kuliko mimi. Yalifunga breki kwa kivuli, kwa mfuko wa plastiki, kwa kuku wa mlinzi. Watu waliokuwa ndani walishuka wakipapasa vipaji vya nyuso. Mkurugenzi, ambaye ni mhandisi na hapendi kukaa bure, akavua koti akayapunguza ukali kwa mkono wake. Basi sasa linakwenda vizuri, na mbele ya Shemeji linasimama kila mara. Lakini kanuni ni kanuni, na aliyeyagusa macho hayo hajapanda.

Kwanza ilikuwa mgongo. Ukapona. Ikawa suruali, kwamba ni ya suti. Ikaletwa suruali ya kazi, akapata mkutano. Halafu taarifa ikabandikwa ukutani: Mama Breki akishaondoka, majaribio yote yatafanywa kwa Shemeji mpya anayechezesha miguu, kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi. Yadini tukaelewa kwamba Mkurugenzi anamsubiri aondoke kama mtu aliyejibanza barazani anavyosubiri mvua ikatike. Wengine walimwita mwoga. Mimi pia nilimwita hivyo, kimoyomoyo, dirisha likiwa limefungwa.

Nilikosea. Jumanne jioni, watu walipokwisha kuondoka, nilichungulia dirishani nikamwona Mkurugenzi nyuma ya ghala, juu ya baiskeli. Mama Breki alikuwa ameshika kiti kwa nyuma, anakimbia kando yake na magoti yake yale yanayomuuma.

“Kanyaga, baba! Usitazame tairi, tairi halikimbii! Tazama mbele!”

“Usiniachie!”

“Nimekushika!”

Alikuwa ameshamwachia zamani. Mkurugenzi akaenda peke yake kipande kizuri tu, akageuka nyuma kumshukuru, akaona hakuna aliyemshika, akaingia moja kwa moja kwenye rundo la matairi mabovu.

Hajui kuendesha baiskeli. Siku zote lilikuwa hilo tu. Utotoni kwao baiskeli ilikuwa ya kaka yake mkubwa, na kaka huyo hakuwa mtu wa kugawa kitu. Ukishakuwa mkurugenzi, utamwambia nani akushikie kiti?

Asubuhi yake Mama Breki alinijia mezani.

“Karani, jana umeona nini?”

“Sijaona kitu, Mama.”

“Pua yako ilikuwa imebandikwa kwenye kioo.”

Akanieleza makubaliano yao. Ijumaa, kabla ya hotuba, Mkurugenzi atapanda na kukatisha mbele ya basi. Lisiposimama lenyewe, dereva wa pili atalisimamisha, na Jumatatu halitoki, mtu apende asipende. Likisimama, Mkurugenzi ataibandua ile taarifa kwa mkono wake, na kanuni ya yadi itabaki hata Mama Breki akiwa nyumbani. Lakini tukimcheka atashuka, na akishuka hatapanda tena. Kanuni itatoka langoni pamoja na mstaafu, na basi litakwenda kukutana na seremala likiwa halijapimwa kwa mtu.

“Waambie watu wa yadi wajikaze,” akasema. “Waandikie. Ukiwaambia kwa mdomo utalia.”

Nilithubutu kuuliza kama ni busara kumtumia mtu anayeyumba namna ile. Akasema hajawahi kupata mpandaji bora. Shemeji hunyooka kama yuko kwenye gwaride. Watu wa barabarani hawako hivyo. Wanasita, wanayumba, wanakwepa mashimo. Mkurugenzi anayafanya yote kwa pamoja, na mashimo yenyewe hayapo. Basi likiweza kuelewa yeye anaelekea wapi, litamwelewa mtu yeyote.

Kwa hiyo, ndugu zangu, Ijumaa usicheke. Usimwite. Usipige makofi mpaka miguu yake yote miwili iwe chini, kwa maana akisikia sauti anageuka, na baiskeli inamfuata anakotazama. Fundi wa nyaya akae nyuma kabisa, ikiwezekana upande wa pili wa ukuta. Kicheko chake tunakijua.

Mama Breki, wewe uliyetupandisha sote kwenye baiskeli, wanene kwa wembamba, ukatushika kwa nyuma na kutudanganya kwamba hujaachia, tunakushukuru. Nenda ukayapumzishe magoti. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na honi, wajukuu wenye kelele, na baba watoto akiingia kila jioni na mbao zake, mzima.

Kwenu wasomaji, limebaki jambo moja. Bila helmeti hakuna kupanda, na helmeti zote za yadi hazimwingii Mkurugenzi. Kichwa chake ni kikubwa. Nimekipima kwa macho nilipokuwa nasubiri sahihi. Mwenye helmeti kubwa aniletee kabla ya Ijumaa asubuhi. Nipo chumba cha mafaili, ghorofa ya chini, mlango unaokwaruza sakafu. Usipitie mapokezi wala usinipigie simu ya ofisini. Zunguka nyuma ya ghala ugonge kioo, taratibu, kwa sababu nashtuka. Ukikutana na Mkurugenzi njiani, ivae wewe, msalimie, na usijieleze.